Uzuri wa mkakasi: Rangi ya kijani iliyoua watu

Mteja anayeingia katika duka la rangi za nyumba aghalabu huwa na maswali mawili. La kwanza, je, rangi hii itapendeza ukutani? La pili, mkebe mmoja ni shilingi ngapi? Ni nadra sana kumsikia akiuliza swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu kama daktari ndilo lingefaa kutangulia: ndani ya rangi hii mna nini?

Katika karne ya 19, watu wengi huko Ulaya na Marekani walinunua rangi moja ya kijani bila kuuliza swali hilo. Rangi yenyewe ilipakwa kwenye karatasi za kubandika ukutani, ikatiwa katika nguo za kina mama, maua ya bandia, mishumaa, vitu vya kuchezea watoto, majalada ya vitabu na hata peremende. Ilikuwa imejaa aseniki, sumu ile ile iliyouzwa madukani kwa kuua panya.

Wengi wakisikia habari hii husema kwamba maskini, watu wa zamani hawakujua. Naomba kutofautiana nao. Walijua. Aliyeitengeneza alijua ilikuwa na aseniki, wenye viwanda walijua, na madaktari walipiga kelele kwa miaka mingi. Kilichokosekana si elimu. Kilichokosekana ni sheria ya kumwambia mwuzaji: thibitisha kwanza kuwa bidhaa hii haidhuru, ndipo uiuze. Badala yake, mgonjwa ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kuwa imemdhuru, na mara nyingi ushahidi wake ulipatikana akiwa tayari amelazwa kaburini.

Rangi rahisi kutengeneza

Mwaka wa 1775, mtaalamu wa kemia na dawa kutoka Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, alichanganya aseniki na maji ya magadi, kisha akayamimina katika maji yenye chumvi ya shaba. Chini ya chombo kukajikusanya unga wa kijani kibichi. Kabla ya hapo, kijani kizuri kisichopauka kilikuwa taabu kupatikana. Wachoraji na watia rangi walilazimika kuchanganya manjano na buluu, au kutumia rangi za mimea zilizofifia upesi.

Mnamo 1814, katika mji wa Schweinfurt nchini Ujerumani, Wilhelm Sattler na Friedrich Russ walitengeneza kijani kingine kwa kuunganisha aseniki, shaba na asidi ya siki. Hiki kilikuwa king'avu zaidi na hakikupauka upesi kama kile cha Scheele. Kilipewa majina mengi, na wengine wakakiita kijani cha Paris. Wenye viwanda walijaribu kuficha jinsi kilivyotengenezwa, lakini kufikia 1822 wanakemia walikuwa wamekwisha kuchapisha siri hiyo.

Aseniki yenyewe ilikuwa bei rahisi. Machimbo ya shaba na bati ya kusini magharibi mwa Uingereza yaliitoa kwa wingi, kwani hutoka pamoja na moshi madini hayo yanapochomwa. Basi takataka ya machimbo ikageuzwa pambo la sebuleni.

Aseniki mwilini

Ni vyema msomaji aelewe jinsi sumu hii inavyofanya kazi. Ndani ya kila chembechembe ya mwili wa binadamu mna vimeng'enya, yaani viungo vidogo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Aseniki hunasa katika baadhi ya vimeng'enya hivyo na kuvizuia kufanya kazi. Chembechembe hukosa nguvu na kufa, hata kama mtu ameshiba.

Anayemeza nyingi kwa mara moja hushikwa na maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara maji matupu. Dalili hizi hufanana mno na za kipindupindu, na ndiyo sababu wauaji wa zamani waliipenda sumu hii. Haina ladha ya kumshtua mtu, nayo robo ya gramu yaweza kumwua mtu mzima.

Anayeipata kidogo kidogo kwa muda mrefu huugua kwa namna nyingine. Ngozi huingia madoa meusi na meupe, viganja na nyayo huwa ngumu na kuota vinundu, mikono na miguu hufa ganzi, na kucha huonyesha mistari myeupe. Baada ya miaka mingi inaweza kuleta saratani ya ngozi, mapafu au kibofu cha mkojo. Tatizo kubwa kwa daktari ni kwamba mwanzoni mgonjwa hulalamika tu kwamba anaumwa na kichwa, macho yanamwasha, koo limekauka na mwili umechoka. Malalamiko kama hayo huletwa na magonjwa mia.

Msichana wa maua

Waliotangulia kuumia ni wale ambao kazi yao iliwakutanisha na unga huo kila siku. Matilda Scheurer alikuwa msichana wa miaka 19 jijini London. Kazi yake ilikuwa kunyunyizia majani ya maua ya bandia unga wa kijani ili yaonekane kama yamechumwa asubuhi hiyo. Aliuvuta kwa pua, akaula pamoja na mkate wake kutoka mikononi.

Alifariki Novemba 20, 1861. Kabla ya kukata roho alitapika maji ya kijani, weupe wa macho yake ukageuka kijani, na akamwambia daktari kuwa kila alichokitazama kilikuwa cha kijani. Maiti ilipopasuliwa, aseniki ilipatikana tumboni, kwenye ini na katika mapafu. Hii haikuwa mara yake ya kwanza kuugua. Alikuwa amewahi kushikwa na maradhi hayo hayo na kurudi kazini, kwa sababu aliyeacha kazi aliacha pia mkate.

Mwaka uliofuata, mwanakemia August Wilhelm Hofmann aliandika katika gazeti la The Times kwamba pambo moja la kichwani lenye majani ya kijani lilikuwa na aseniki ya kutosha kuwatilia sumu watu 20. Jarida la vichekesho la Punch nalo likachora mifupa ya watu wawili waliovalia nguo za karamu wakicheza densi. Mabibi wa mjini walicheka, na wengine wakaendelea kununua. Mshairi wa Kiswahili angewaambia: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini ndani ya mkakasi huu hamkuwa na mti, mlikuwa na kifo.

Kutani nako

Maua yalikuwa ya wachache. Karatasi za ukutani ndizo zilizoingia katika nyumba za watu wa kila aina. Mnamo 1862, katika mtaa wa Limehouse, London, watoto wanne wa familia moja walifariki mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni ilidhaniwa ni dondakoo. Daktari aliyewahudumia, Thomas Orton, alishangaa kuona kwamba majirani hawakuambukizwa. Chumba cha watoto hao kilikuwa kimebandikwa karatasi za kijani, na zilipopimwa zilipatikana na aseniki nyingi. Hata hivyo, baraza lililochunguza vifo hivyo lilitoa uamuzi kwamba ni vifo vya kawaida.

Kwa nini? Kwa sababu maelfu ya watu wengine waliishi katika vyumba vya kijani na hawakufa. Hili ndilo lililowapa wenye viwanda ngao. Watu wawili wanaweza kulala chumba kimoja, mmoja akaugua na mwenzake asiugue. Inategemea kama rangi imeshika vizuri au inapukutika, kama ukuta ni mkavu au una unyevu, na kama anayelala humo ni mtu mzima au ni mtoto anayepapasa ukuta na kutia vidole kinywani.

Kuhusu unyevu, Leopold Gmelin, mwanakemia wa Ujerumani, alionya mapema mwaka wa 1839 kwamba vyumba vyenye karatasi hizo hutoa harufu mbaya vikiwa na majimaji. Miaka ya 1890, Bartolomeo Gosio wa Italia alionyesha kwamba kuvu wanaoota ukutani wanaweza kuigeuza aseniki kuwa gesi yenye harufu kama ya kitunguu saumu. Wanasayansi wa siku hizi wanatilia shaka kama gesi hiyo pekee ilitosha kuua. Vumbi la rangi, kwa upande wake, halihitaji mjadala.

Napenda pia kusahihisha uvumi mmoja. Husemwa kwamba Napoleon Bonaparte, aliyefariki 1821 akiwa kifungoni katika kisiwa cha St Helena, aliuawa na karatasi za chumba chake. Ni kweli kwamba kipande cha karatasi ya nyumba ile kilipimwa miaka ya 1980 kikapatikana na aseniki. Lakini waliopasua maiti yake waliona tumbo lililoharibiwa na uvimbe, na mwaka wa 2008 watafiti wa Italia walipopima nywele zake walikuta aseniki hata katika zile za utotoni, sawa na watu wengine wa wakati wake. Jambo hili lisimfariji mtu. Maana yake ni kwamba sumu hiyo ilikuwa imeenea kila mahali kiasi kwamba kila mtu aliibeba mwilini.

Mwenye mali na daktari

Mtu mmoja ambaye maneno yake yanafaa kukumbukwa ni William Morris, msanii mashuhuri wa karatasi za ukutani nchini Uingereza. Familia yake ilipata utajiri kutokana na hisa za machimbo ya Devon Great Consols, yaliyokuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa aseniki duniani, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wakurugenzi hadi 1875. Katika barua ya 1885 alidai kwamba madaktari huwaona wagonjwa bila kujua wanaugua nini, kisha kwa kukata tamaa wakasingizia karatasi za ukutani ilhali pengine kosa ni la choo.

Nakubali kwamba maneno hayo yana ukweli kiasi. Sisi madaktari mara nyingi hatujui, na vyoo vibovu vya siku hizo viliua watu wengi. Lakini angalia hoja yenyewe inavyofanya kazi. Kwa kuwa daktari hana hakika kamili, basi mwuzaji aendelee kuuza. Shaka ya daktari inageuzwa kuwa kibali cha biashara. Huyu Morris alikuwa mtu aliyewatetea wafanyakazi hadharani. Kama mtu wa aina hiyo angeweza kupofushwa, sembuse mfanyabiashara ambaye hajali lolote ila faida?

Mataifa yalitofautiana. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka wa 1887 kuzuia rangi zenye madhara katika vyakula na bidhaa za matumizi. Huko Michigan, Marekani, Daktari Robert Kedzie alichapisha mwaka wa 1874 kitabu chenye vipande 86 vya karatasi za ukutani zenye sumu, nakala 100 zikapelekwa katika maktaba ili watu waone kwa macho yao. Kitabu chenyewe kilikuwa hatari kukishika, na nakala nyingi ziliharibiwa baadaye. Uingereza haikuwahi kupiga marufuku karatasi hizo kwa sheria. Ilifika 1895 ndipo madaktari wakatakiwa kuripoti wafanyakazi wa viwandani waliougua kutokana na aseniki. Kilichozimaliza zile karatasi ni wanunuzi walioanza kudai zisizo na aseniki, na viwanda vikaona kuna faida kuzitangaza hivyo.

Sumu yenye kazi

Ni haki kusema kwamba unga huo pia uliwahi kuokoa maisha. Tangu mwisho wa miaka ya 1860 wakulima wa Marekani waliutumia kuua wadudu walioshambulia viazi. Mnamo 1921 ikagunduliwa kwamba ukichanganywa kidogo na vumbi na kurushwa juu ya maji, huua viluwiluwi wa mbu wa malaria, ambao hula wakiwa juu juu ya maji.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa Waafrika. Mwaka wa 1930, mbu wa jamii ya Anopheles gambiae, ambao ndio waenezaji wakubwa wa malaria kwetu, waligunduliwa nchini Brazil, ambako walikuwa wamefika kwa vyombo vilivyotoka Afrika Magharibi. Mwaka wa 1938 waliwaletea wakazi wa kaskazini mashariki mwa nchi hiyo balaa kubwa la malaria. Kikosi kilichoongozwa na Fred Soper kilitembea kutoka dimbwi hadi dimbwi kikirusha kijani cha Paris, na kufikia mwisho wa 1940 mbu hao walikuwa wametoweka Brazil. Kazi kama hiyo ilifanywa Misri hadi 1945. Baadaye DDT ikachukua nafasi yake.

Kwa hivyo sitaki msomaji aelewe kwamba naichukia kemia. Unga ule ule uliomwua msichana wa maua uliwaokoa watu wa Brazil. Tofauti ni kwamba waliourusha madimbwini walijua ni sumu na waliutumia kama sumu. Waliouuza kama pambo waliuficha chini ya jina zuri.

Swali letu leo

Kijani cha aseniki hakiuzwi tena katika maduka ya rangi. Kimebaki kwenye makavazi na maktaba. Tangu 2019 watafiti wa maktaba ya Winterthur na Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, wamekuwa wakisaka vitabu vya karne ya 19 vyenye majalada ya rangi hiyo, na mwaka wa 2024 Maktaba ya Taifa ya Ufaransa iliondoa vinne kutoka kwa wasomaji.

Hata hivyo, mchezo wenyewe haujaisha. Baada ya aseniki kuachwa, kijani kingi cha kupaka mbao na vyuma kilipatikana kwa kuchanganya buluu na manjano iliyotengenezwa kwa madini ya risasi. Risasi ni sumu ya ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa vile miili yao hufyonza risasi nyingi kuliko ya watu wazima na ubongo wao bado unakua. Humu nchini, viwango vya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) vinataka risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja za rangi. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi hakifuti rangi iliyokwisha kupakwa mlangoni, kitandani au kwenye bembea ya shule ya chekechea. Wala hakimzuii mwuzaji asiye mwaminifu, iwapo hakuna anayepima mikebe dukani.

Mambo manne yanafaa kufanywa. Kwanza, mnunuzi asome maandishi ya mkebe, na akikosa kuona kwamba hauna risasi, amwulize mwuzaji. Wanunuzi ndio walioua biashara ya kijani cha aseniki, nao wana nguvu hizo hata leo. Pili, rangi ya zamani inayobambuka isikwanguliwe ikiwa kavu. Iloweshwe maji kwanza, watoto waondolewe, na vifusi vizolewe mara moja. Fundi avae barakoa inayozuia vumbi laini na aoshe mikono kabla ya kula.

Tatu, nawageukia madaktari wenzangu. Mwaka wa 1700, Bernardino Ramazzini wa Italia alitushauri tumwulize kila mgonjwa swali moja zaidi: unafanya kazi gani? Fundi wa jua kali anayepaka vitanda vya chuma, au mama ambaye mwanawe hutafuna ukingo wa dirisha, hatatuambia habari hizo kama hatukuuliza. Tutamwandikia dawa za kupunguza maumivu, naye atarudi kwenye sumu ile ile.

Nne, na hili ndilo kubwa, serikali isingoje maiti. Bidhaa mpya inapoletwa sokoni, iwe ni rangi, vipodozi vya kina mama au vitu vya kuchezea watoto, mzigo wa kuthibitisha usalama wake uwe begani mwa anayeitengeneza na kuiuza. Mikebe ipimwe mara kwa mara na matokeo yatangazwe kwa majina, ili mwuzaji mwaminifu apate wateja na mwongo aaibike.

Kinga, walisema wahenga, ni bora kuliko tiba. Nami naongeza kwamba aliyekwisha kunywa aseniki au risasi kwa miaka mingi, tiba yake ni ngumu na ya gharama, na ubongo wa mtoto ukiharibika haununuliki popote. Swali la dukani halina gharama yoyote. Ndani yake mna nini?